Nilivyokisugua Chombo cha Maua cha Profesa

Nilikaa chooni dakika arobaini, nimejifungia, namkimbia mtoto niliyemzaa mwenyewe. Tena huku Guangzhou, China, siyo Moshi. Wamama, someni hii msije mkaaibika kama mimi.

Nilikuja kufunga mzigo wa nguo za biashara pale sokoni Guangyuan Xilu, nikafikia kwa binti yangu Elinami, anasoma chuo huku. Yeye kaenda darasani, mimi nimebaki chumbani. Na mimi kukaa bure siwezi.

Dirishani nikaona chombo cha maua cha shaba, cha Kijapani. Kimechongwa korongo wawili kwenye matete na kereng'ende juu yao. Kizuri jamani! Ila cheusi kama sufuria la makande.

Nikajisemea, huyu mtoto nimemlea mimi kweli?

Nikachukua ndimu, chumvi na stilwaya. Nikasugua mpaka jasho likanitoka. Kikang'aa kama tarumbeta la kanisani!

Elinami akaingia. Begi likamdondoka.

"Mama! Umefanya nini?"

"Si unaona kilivyotakata?"

"Ule weusi ndiyo wenyewe! Fundi aliutia makusudi, miaka mia iliyopita! Ni cha profesa wangu, kaniomba nimtunzie. Na kesho anakuja kukichukua na kunisainia barua ya skolashipu!"

Ndipo nikakimbilia chooni.

Nilipotoka nikakipaka dawa nyeusi ya viatu. Ukikitazama kwa mbali, umefumba jicho moja, hujui kitu.

Kesho yake profesa akaja. Akakishika, vidole vikawa vyeusi. Akajikuna pua, nayo ikawa nyeusi. Elinami machozi yanamlengalenga.

"Mwambie ni mimi," nikasema. "Mtoto hana kosa, asimnyime barua."

Elinami akatafsiri. Profesa akatoa simu, akatuonyesha picha. Chombo kilekile, kinang'aa tarumbeta tupu!

Kumbe vilikuwa pacha. Hicho kingine alikisugua mama yake mzazi kwa dawa ya meno. Na bibi huyo yuko kwake wiki hii, ndiyo maana hiki alikificha kwetu!

Profesa akacheka mpaka akakaa chini. Barua akaisaini palepale, na alama ya kidole cheusi juu yake.

"Anasema sasa vimefanana tena," Elinami akanitafsiria. "Na anakuomba sana, usikutane na mama yake."

Wamama wenzangu, ukifika kwa mtoto, kunywa chai utulie. Ukiona kitu cheusi, uliza kwanza kama ni uchafu au ni urembo.