Sauti ya Zimamoto

Katika mtaa mzima wa Husby, huko Uswidi, hakukuwa na mtu aliyekutana na Mama Pélagie asiambiwe kwamba mwanawe ni zimamoto. Kanisani alisema, kwenye treni alisema, na hata kazini, kwa wazee wa Kiswidi waliokwisha kusahau majina ya watoto wao wenyewe, alisema. Watu walichoka kumsikiliza, lakini nani angemnyima fahari hiyo? Yeye na mwanawe Heshima walitoka Uvira na kifurushi kimoja, na sasa Heshima wake alikuwa akiingia mahali ambapo wengine wanatoka mbio.

Heshima mwenyewe hakuwa msemaji. Krismasi nyingi zilimkuta zamuni. Ubatizo wa bintiye aliuona kwenye picha. Kila majira ya baridi kifua kilimbana, na hilo alimficha mkewe. Hayo aliyachukua kama sehemu ya kazi. Lililomshinda kulibeba lilitokea mchana mmoja wa Novemba, mwaka 2011, katika ghorofa ya tatu, nyumbani kwa Mama Clementina, mjane aliyeimba kwaya pamoja na Mama Pélagie.

Moto ulianzia jikoni. Heshima aliingia na mwenzake Liam, kwa maana sheria yao haina mzaha: mnaingia wawili, mnatoka wawili. Moshi ulikuwa mzito, mkono wako mwenyewe huuoni. Heshima akaita kwa Kiswidi, kimya. Akaita kwa Kiswahili, na kutoka chumba cha ndani sauti ikamjibu.

"Heshima? Ni wewe, mwana wangu?"

"Ni miye, Mama! Bakia hapo hapo, tunakuya!"

Hakumaliza hata kupiga hatua. Liam alijikwaa akaanguka, barakoa yake ikaanza kuvuja, na filimbi ya mtungi ikalia kwamba hewa inakwisha. Heshima alimkamata mwenzake akamburuta hadi kwenye ngazi za jengo. Wengine wawili waliingia mara moja, lakini walichelewa. Walimkuta Mama Clementina sakafuni, karibu na mlango wa chumba. Nyuma yake palikuwa na dirisha, na nje ya dirisha ngazi ya gari la zimamoto ilikuwa imeshafika.

Mkuu wa zamu alimwambia hakukosea kitu. Liam yu hai, ana watoto. Na yale maneno ya Kiswahili ndani ya moshi, hakuna mwingine aliyeyaelewa. Heshima angeweza kunyamaza nayo maisha yake yote, na tusidanganyane, wengi wetu tungenyamaza.

Kwa kuwa nyumba ya marehemu iliungua, matanga yaliwekwa kwa Mama Pélagie. Kama ilivyo desturi, kabla ya sala lazima mtu asimame aeleze jinsi kifo kilivyokuja. Shemasi Zacharie akamwita Heshima.

"Mwanetu, wewe ulikuwa pale. Utuelezee."

Mama Pélagie, aliyekuwa ameketi bega kwa bega na Maombi, binti wa marehemu, alijiweka sawa kwenye kiti. Hata msibani fahari ilimponyoka, maskini.

Heshima alisimulia yote, macho yake kwa Maombi. Hakuruka neno. Aliposema "bakia hapo", mama yake alimkatiza.

"Heshima, inatosha."

"Mwache aseme," Maombi akajibu. Kisha akamuuliza, "Bila wewe kumwita, angeenda dirishani?"

"Nafikiri angeenda. Lakini nilimwambia abakie."

"Na akakusikia."

"Alinisikia. Alinijua. Alisogea upande wangu."

Heshima alitamani atukanwe, apigwe hata kofi, aondokewe na ule uzito. Maombi alikuwa akilia bila sauti.

"Kaka Heshima, sikuchukii. Lakini utoke. Hiyo sauti yako siwezi kuisikia leo."

Heshima aliokota viatu vyake mlangoni akatoka bila kuvivaa. Mama Pélagie aliinuka nusu ili amfuate mwanawe. Kichwa cha Maombi kikamwangukia begani. Mama Pélagie akaketi tena, akamshika binti huyo.