Mitungi ya Kuazima

Kwa miaka kumi na tisa Mama Bweni alikuwa mlezi wa wasichana arobaini na wawili katika bweni lenye mlango mmoja. Usingizi wake ulikuwa wa mang'amung'amu. Magoti yalichoka, macho yalichoka, na siku hizi hata kukemea kulimchosha.

Shule ilikuwa ya wazazi, si ya serikali, na fedha za vifaa haikupata. Kwa hiyo kila mkaguzi alipotarajiwa, mwalimu mkuu alivuka barabara hadi shule ya serikali, iliyoongozwa na shemeji yake, na toroli likarudi na mitungi sita ya kuzimia moto, imefunikwa shuka. Ikatundikwa ukutani. Mkaguzi akiondoka, nayo ikarudishwa kwao. Hakuna aliyeona ni dhambi. Bila hivyo bweni lingefungwa.

Mwaka huo serikali ikatangaza kwamba fedha za usalama zingegawiwa shule za aina zote, hata za wazazi na za dini. Mwalimu mkuu akaomba mitungi na mlango wa pili. Wakanyimwa. Akaenda ofisini kuuliza, pamoja na Mama Bweni.

Ofisa, dada mmoja mwenye miwani, alifungua jalada. "Mwalimu, mbona tamaa? Ripoti inasema vifaa vyenu vimekamilika. Kuna shule hazina hata ndoo ya mchanga."

"Ni kweli," mwalimu mkuu akacheka kicheko kikavu. "Tulijaribu bahati tu. Mama, twende."

Mama Bweni hakuinuka. "Ile mitungi si yetu, mwanangu."

Mwalimu mkuu akamkanyaga mguu chini ya meza.

"Kanyaga tu, baba, huo ulishakufa ganzi." Akamgeukia ofisa. "Huja kwa toroli, ikashinda siku moja, ikaondoka. Hata chai hainywi."

Ofisa hakucheka. "Mama, nikiandika hivyo ombi lenu litaangaliwa upya, na fedha si ahadi. Lakini bweni nalifunga leo."

Mama Bweni alilijua hilo. Bweni ndilo lililokuwa kazi yake na nyumba yake. Hakuwa na pengine pa kuweka ubavu. Lakini mwezi uliopita soketi ilitema cheche, wasichana wote wakamrukia mlangoni, na ufunguo ukamponyoka. Aliutafuta kwa kupapasa, katikati ya miguu yao, huku mmoja akimwita mama. Cheche zilizimika zenyewe.

"Andika," alisema.

Nje, mwalimu mkuu alisimama juani akishika kiuno. "Umetumaliza, Mama. Wazazi watanila nyama."

"Watakula nini, mifupa mitupu hiyo?" Hakuwa na nguvu ya kucheka mwenyewe. "Wapigie simu waje kuwachukua watoto. Mimi nitakuwa nafungasha."

Akatangulia, polepole, mkono mmoja ukutani.