Matundu Yasiyotiwa Dawa

Mbuke hakupenda kuguswa, na mwaka ule wa 1975 kila mtu alitaka kumgusa bega. Lilikuwa limeganda tangu palizi ya pamba. Mkono wa kulia haukupanda kupita kifua, na kujifunga kitenge tu ilikuwa vita. Majirani walimwonea huruma, naye huruma yao ilimchefua kuliko maumivu yenyewe.

Angekuwa na mume, pengine angevumilia. Lakini alikuwa mjane mwenye ng'ombe sita na binti mmoja, Tabu, aliyeolewa mbali huko Masumbwe. Shemeji yake Januari, mtu wa Kagongwa, alikuwa amekwisha kusema mbele ya wazee wa kijiji kwamba ng'ombe wa marehemu kaka yake hawawezi kulelewa na mtu wa mkono mmoja. Wazee wakakata shauri kwa namna yao. Mwezi wa nane, siku ya kikao, Mbuke atatundika kibuyu cha maziwa kwenye boriti kwa mikono yake miwili, akisuke mpaka siagi itoke. Akiweza, ng'ombe ni wake. Akishindwa, wanakwenda Kagongwa na Januari.

Basi akapanda basi mpaka Shinyanga, akafikia Ngokolo kwa Scolastika, mtoto wa dada yake. Alikuwa amesikia kwamba hospitalini kuna daktari Mchina anayetibu mabega kwa sindano. Kwa Mbuke hakukuwa na tiba bora kuliko sindano. Vidonge ni vya watoto. Sindano huingia na dawa yake moja kwa moja, mtu akachechemea siku mbili, akapona.

Aliyempokea alikuwa Klara, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, msichana wa Kisukuma aliyevaa gauni jeupe na saa iliyobanwa kifuani. Alimwamkia shikamoo vizuri, kisha akaanza maswali. Je, ana kisukari? Ana ugonjwa wa damu kutoganda upesi? Kuna dawa anazokunywa? Ana mimba? Mbuke, mwenye mvi kichwa kizima, alimtazama kwa muda mrefu mpaka Klara akainamia daftari lake. Tena akaambiwa asije na njaa, kwa kuwa mwenye njaa huweza kuzimia sindanoni.

Klara akaendelea kueleza. Sindano hizi ni nyembamba, zimechemshwa, na hazina dawa ndani. Zikiingia atasikia uzito na ganzi mkononi, na pengine ngozi itabaki na alama ndogo ya bluu; asiogope. Kazi yake ni kutuliza maumivu ili mkono ukubali kunyooshwa. Kunyoosha kwenyewe ndiyo tiba kubwa, na hiyo ataifanya mgonjwa mwenyewe.

Katika maneno hayo yote Mbuke aliokota mawili: hazina dawa.

Ilimuuma. Alikuwa ametoka mbali, amemwachia jirani ng'ombe, ili achomwe miiba mitupu na Mchina asiyejua hata kuamkia kwa mwangaluka. Alikaa tu kwa sababu ya Januari. Mchina akamchoma sita, begani na mkononi, akizizungusha taratibu kwa vidole, na uzito ukashuka mpaka kwenye kiganja kama alivyoambiwa. Mbuke hakutoa sauti. Asingempa yeyote mle ndani raha hiyo.

Siku ya tatu mkono ulipanda mpaka sikioni. Angekuwa mwingine angeshukuru. Yeye alikasirika, kwa kuwa sasa hakuweza kusema kwamba watu wa hospitali ni wezi. Klara, kwa furaha, akamsimamisha ukutani na kumwonyesha namna ya kupandisha vidole kidogo kidogo mpaka mkono unyooke, mara ishirini asubuhi na mara ishirini jioni. Hapo hapo akamwonya kwamba akiacha, bega litaganda upya. Mbuke alifanya mara mbili. Kupapasa ukuta kama kipofu, alimwambia Scolastika, si kazi ya mwanamke mwenye ng'ombe.

Wiki hiyo akarudi kijijini kuwaangalia ng'ombe. Na huko ndiko alikofanya lile alilolifanya. Tangu utoto alijua, kama anavyojua kila mtu kwao, kwamba mwili ukifunguliwa hufungwa kwa dawa. Mfumu, mganga wa kwao, akikuchanja kwa wembe, papo hapo hupaka dawa kwenye chale. Ndiyo maana ya kuchanja. Yule Mchina alikuwa amefungua milango sita begani mwake na kuiacha wazi, na kijiji kizima kilijua nani alitaka bega lile lisipone. Mbuke akachukua unga mweusi kwa mfumu, akauchanganya na samli. Vitobo vilikuwa vimekwisha kujifunga, basi akavifungua upya kwa wembe, kila kimoja chale mbili, akasugua dawa mpaka ikazama.

Siku ya nne bega lilikuwa limevimba na kupwita kwa usaha, na homa ilikuwa imemlaza. Jirani alimfikisha Ngokolo, na Scolastika akamburuta hospitalini huku mgonjwa akiwatukana watu wote waliokuwa foleni. Alipomwona Klara alimwambia mbele ya wagonjwa kwamba sindano zao ni chafu na kwamba wamemuua.

Klara alifunua kitenge, akatazama. Alipozungumza, heshima ya daftari ilikuwa imemtoka. "Mayu, sindano haiachi mstari. Huu ni wembe."

Mbuke akakana. Klara akarudia, safari hii kwa Kisukuma, kwa ukali, kwamba mficha uchi hazai, na kwamba asiposema kilichopakwa watamkata bila kujua wanakata nini. Ndipo Mbuke akamkazia macho.

"Uliniuliza kama nina mimba," alisema. "Hukuniuliza nikifika kwetu nitayafanya nini matundu yenu. Na wewe ni Msukuma."

Klara alikuwa na chale zake mwenyewe mbavuni, alizochanjwa na bibi yake. Wanasema baada ya hapo alimwambia kila mgonjwa: usipake kitu, usichanje juu yake, acha pakavu. Lilikuwa neno zuri, lakini kwa Mbuke lilikuwa limechelewa.

Walipasua usaha. Sindano zikakatazwa, kwani hazichomwi kwenye ngozi yenye uchafu, na mkono ukafungwa kifuani wiki tano. Ulipofunguliwa ulikuwa umeganda kuliko mwanzo. Sasa Mbuke alipapasa ukuta asubuhi, mchana na jioni, akisaga meno, na mwezi wa nane ukamkuta mkono umefika usawa wa kidevu.

Boriti ilikuwa juu ya kidevu. Alijaribu mara tatu mbele ya wazee, na mara ya tatu maziwa yakammwagikia miguuni. Januari hakucheka. Alikwenda zizini akamfungua ndama kwanza, maana ng'ombe humfuata ndama, na wote sita wakatoka nyuma yake.

Mbuke alijua kwamba yule ng'ombe mwekundu humpiga teke kila anayemkamua kwa mkono wa kushoto. Januari alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Mbuke aliwatazama mpaka wakapotea njiani, na hakumwambia.