Alama nyekundu kwenye nguzo za Bi Mwanaidi

Leo nimemfanya bibi wa watu afungashe vyombo vyake.

Sie tunajitolea kupima mipaka ya mashamba huku Chamazi. Tumekubaliana kwamba hugusi uzio wa mtu kabla hajakuruhusu.

Asubuhi nimepiga hodi kwa Bi Mwanaidi, kimya. Nikaona nitachelewa. Nikapaka alama nyekundu kwenye nguzo za uzio wake, nikaenda shamba la pili.

Narudi saa sita, namkuta uani anafunga magodoro kwa kamba. Kuku ameshawatia kwenye tenga.

"Shikamoo bibi. Unasafiri?"

"Marahaba. Si mmeshapaka nyekundu? Kule nilikokuwa walipaka, wiki haikuisha tingatinga likaja."

Nikamwambia ni alama ya kipimo tu, habomolewi mtu, kosa ni langu. Nikaazima kisu chake, nikakwangua nguzo zote, yeye ananiangalia.

"Na wale walisemaga hivyohivyo, mjukuu wangu."

Kuku amekubali tuwafungulie. Magodoro amekataa, eti yakae na kamba zake mpaka aone.

Nimeshafika nyumbani na bado sina raha. Nyie mngemwambia nini?