Mpinzani Aliyesoma Hoja za Ami

Kuna kipindi mtaa wetu wa Kariakoo ulikuwa na ubishi mmoja tu: nchi yetu ibaki kwenye jumuiya na majirani, au ijitoe? Nilikuwa nauza vifungo, zipu na nyuzi kwenye kibaraza kilicho katikati ya maduka mawili, na wabishi wakubwa kuliko wote walikuwa majirani zangu, mmoja kulia, mmoja kushoto.

Kulia alikuwepo mzee mwenye asili ya Uarabuni, muuza khanga na vitenge, tuliyemwita Ami mtaa mzima. Wateja wake walitoka Burundi, Kongo, Uganda. Alitaka tubaki. Kushoto alikuwepo dada mmoja wa Lindi, aliyewahi kuwa na karakana ya kufuma masweta ya shule kule Magomeni. Masweta ya nchi jirani yalipoanza kuingia bila ushuru, yakauzwa bei ambayo kwake isingetosha hata kununulia uzi, alifunga karakana, akawaaga mafundi wake mmoja mmoja, akaja kuuza mashuka. Yeye alitaka tutoke.

"Shikamoo, Ami," ndivyo alivyoanza kila asubuhi.

"Marahaba, mwanangu. Umeamka bado unataka kutufungia mpaka?"

"Sifungi mpaka, Ami. Nataka anayeingiza mzigo alipe ushuru kama zamani."

Hapo tena mpaka adhuhuri.

Umoja wa wafanyabiashara wa mtaa ukaona ubishi huu uwekwe ukumbini. Tukaazima ukumbi mdogo Gerezani, Jumamosi baada ya sala ya alasiri, na wasemaji wakawa haohao wawili. Wiki hiyohiyo Ami akafanyiwa upasuaji wa koo. Daktari akamkataza kusema hata neno moja.

Hakukubali kujitoa kwenye mjadala. Akaanza kuandika hotuba yake kwenye daftari, nami nikajitolea kumsomea. Nilipolifungua nikakuta siwezi kusoma hata mstari mmoja. Maneno yalikuwa ya Kiswahili, lakini herufi zilikuwa za Kiarabu, alivyozoea kuandika tangu utotoni. Mimi mtoto wa Kikatoliki kutoka Songea ningeanzia wapi? Wanawe walikuwa Muscat. Mtaani kwetu, mtu mwingine pekee aliyeuweza mwandiko ule alikuwa dada wa masweta. Babu yake ndiye aliyemfundisha.

"Nitamsomea mimi," alisema.

"Dada, huyo si mpinzani wako?"

"Kwani akikosa wa kumsomea ndiyo nitakuwa nimemshinda?"

Ami aliendelea kuandika mpaka siku yenyewe, hivyo daftari lilimfikia dada mkononi palepale ukumbini. Nilikaa mstari wa mbele. Nakiri nilikuwa na wasiwasi kwamba angesoma kwa kuburuza, au angeruka mistari. Wala. Alisoma kwa sauti ya mtu anayejitetea mwenyewe. Alieleza habari za malori ya kwenda nchi jirani yanayopakia bandarini kwetu, habari za wateja ambao wangeanza kununua kwingine. Kila hoja iliyomuumiza aliitamka wazi zaidi.

Kisha akafika mahali akainua macho kutoka kwenye daftari. Akamtazama Ami, Ami akaitikia kwa kichwa kumruhusu. Akaendelea, polepole.

Ami alikuwa ameandika kwamba jumuiya ile ya zamani ilipovunjika na mpaka kufungwa, dada yake alikuwa ameolewa Mombasa. Mama yao akaugua hapa Dar es Salaam, akawa anamwita binti yake kila siku. Binti alifika mpakani mara mbili, akarudishwa mara zote mbili. Mama akafariki akiwa bado anauliza kama amefika.

Dada wa masweta alifunga daftari, akanywa maji.

"Hizo ni hoja za Ami," alisema. "Sasa nisikilizeni na mimi."

Nilidhani angelainisha maneno yake. Hakulainisha hata moja. Alisimulia jinsi alivyowaaga mafundi wake, na mmoja wao aliyerudi kesho yake akakaa mlangoni kwa sababu hakujua pa kwenda. Akasema kwamba jumuiya inayomwacha mtu kama yule mlangoni haijamaliza kazi yake. Watu walimpigia makofi, lakini tulipopiga kura kwa mikono, waliotaka tubaki walikuwa wengi zaidi. Mimi nilikuwa mmojawapo. Yeye mwenyewe alicheka, akasema, "Nimesoma vizuri mno."

Tukiwa tunatoka alimfuata Ami. "Mbona siku zote hizo hukuniambia habari za dada yako?"

Ami akaandika kwenye daftari, naye akanisomea: "Uliniuliza habari za ushuru tu."

Nimeshuhudia ubishi mwingi Kariakoo, na watu wengi wenye maneno. Sijamwona mwingine aliyempa mpinzani wake sauti yake yote, akijua itamshinda, na bado akasimama kutetea lake bila kulipunguza.

Nchi ilibaki, na karakana ya Magomeni haijafunguliwa. Wiki iliyofuata dada aliandika barua kwa wizara, akiomba suala la masweta liangaliwe upya, akaipitisha duka kwa duka kutafuta saini. Wa kwanza kutia saini alikuwa Ami, na alipomaliza alinyoosha kidole kwangu, nami nikachukua kalamu.