Mgongo Uko kwa Boksi Tu

Iko siku moja ambayo haijanitoka, mwanangu, ingawa mengi ya ujana wangu yameshanitoroka. Nilikuwa nimeolewa majuzi tu, tunakaa chumba kimoja mjini, pale mtaa wa Bondeni, na mama yangu alikuwa amekuja kutoka shambani Gilgil akiwa hoi. Mafua yamembana, kichwa kinamgonga, na mgongo umekataa kunyooka baada ya kuchimba viazi. Mama hakuwa mtu wa kulalamika. Ukimsikia amesema anaumwa, ujue anaumwa kweli.

Nilimpenda, na mapenzi yangu yalitaka kuonekana. Wahenga walisema kila mlango na ufunguo wake, basi nikaona aibu kumletea dawa moja kwa maumivu matatu. Nikazunguka mjini, kila duka nikatoka na boksi. La kichwa lilikuwa jekundu, na picha ya mwanamke ameshika paji la uso. La mgongo lilikuwa na mwanamume wa misuli, moto unawaka kiunoni. La mafua lilikuwa la buluu, ukiliangalia tu unahisi pua inafunguka. Yaliniteka, sikufichi. Nilisimama nikijiuliza ni nani huyu anayejua mahali mama yangu anapoumwa, mpaka akapachora!

Nikampa zote, kila moja kama boksi lake lilivyoelekeza, asubuhi, mchana na jioni. Mama akapata nafuu. Akaketi kitandani akimenya viazi, akinitania kwamba nimemgeuza duka la dawa. Nami nikajiona binti kati ya mabinti.

Vidonge vilipokaribia kwisha nikaenda kununua vingine. Unajua desturi yetu, mtu hubeba pakiti tupu asije akakosea rangi. Nikayapanga maboksi yangu kwenye kaunta ya Mama Nisha, mama wa Kihindi aliyekuwa na duka la dawa karibu na soko. Alikuwa mkali kidogo, lakini hakumharakisha mteja hata siku moja.

"Hizi zote ni za nani?" akauliza.

"Za mama."

"Mama mmoja?"

"Kwani niko na mama wangapi?" Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Geuza," akasema. "Huku mbele ni ya kuuza. Dawa yenyewe imeandikwa huku nyuma. Soma."

Nikasoma yale maandishi madogo nikiyafuata kwa kidole. La kichwa: parasetamoli. La mafua: parasetamoli, na kitu cha kukausha pua. La mgongo: parasetamoli tena, na kafeini kidogo. Nikarudia kusoma nikidhani macho yananichezea. Mwanangu, nilipigwa na bumbuazi. Sura zote zile, rangi zote zile, na ndani ni mtu yuleyule amebadilisha koti!

"Lakini hii ni ya mgongo," nikasema, nikimwonyesha yule mwanamume wa misuli.

"Kidonge hakijui mgongo. Kinaingia kwa damu, kinazunguka mwili wote. Mgongo uko kwa boksi tu. Amekunywa zote pamoja tangu lini?"

"Tangu juzi."

Mama Nisha akaacha kaunta yake akanishika mkono. "Mpeleke hospitali saa hii. Hata akikuambia ako sawa, mpeleke. Hiyo dawa ikizidi inaumiza ini, na ini haipigi kelele."

Nilikimbia nikilia njiani, watu wakinishangaa. Mama nikamkuta na kisu chake na viazi vyake, akakataa kata kata. "Si nimepona? Hospitali ni ya wagonjwa." Ikabidi mume wangu amwinue. Hospitalini wakampima damu, na daktari akasema ini lilikuwa limeanza kuumia. Wakamtundikia maji ya dawa. Nikakaa kando yake nikiangalia matone yakishuka, nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nikamwazia yule mfanyakazi asiyeonekana, ini la mama yangu, lililobeba mzigo mara tatu bila hata kunong'ona. Huyo ndiye wa kustaajabiwa, wala si mchoraji wa maboksi. Mungu akatuhurumia, mama akarudi nyumbani kwa miguu yake.

Hata leo nikiingia duka la dawa husimama mbele ya rafu nikatikisa kichwa. Dawa ya wanawake, ya viungo, ya kasi, ya nguvu zaidi. Na nyinyi tangazo linawafuata hadi kwenye simu. Sisemi wanadanganya. Nasema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Basi sikia. Kabla ya kumeza, geuza boksi utafute jina la dawa. Ukikuta jina moja kwenye maboksi mawili, chagua moja tu, na ile ya kawaida isiyo na picha inatuliza vilevile. Ukikuta jina usilolijua, usidhani nayo ni parasetamoli, kwa maana nyingine ni za ukoo tofauti, na tumbo lenye vidonda haliziwezi. Uliza. Anayeuliza hanyimwi jibu. Na ukishazidisha, usingoje kuumwa ndipo utafute daktari.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akulindie viungo vyako vyote, hasa vile visivyojua kulalamika. Na wale unaowapenda wasije wakaumia mikononi mwako wakati unawatunza.