Yule wa Ghalani

Boazi Kibona, Mndali wa Ileje, alishika funguo za ghala la chumvi pale Chapwa, karibu na mpaka, miaka ishirini na mitatu. Shamba alikwisha kuliuza amsomeshe mwanawe Ezron, kwa hiyo ghala ndilo lililombakia duniani.

Mwaka 2011 bosi akaleta kompyuta. Akatangaza kwamba ikifika Ijumaa, mtunza ghala asiyejua kupokea mzigo kwa mashine arudi kwao.

Mwalimu akatoka idara ya kompyuta: Priska, hodari kweli kweli. Ila Priska ndiye mke wa Ezron, na kwa watu wa Boazi mkamwana hamtazami baba mkwe, wala jina lake halitaji. Tangu harusi mzee alikuwa ameona kisigino cha binti huyo mara mbili tu, tena kwa bahati mbaya.

“Idara zishirikiane!” akafoka bosi. “Mila ziacheni getini.”

Haya. Wakapanga mifuko ya chumvi ikawa ukuta. Mzee na mashine huku, Priska kule. Sauti haina macho, walisema.

“Baba, umekiona kishale?”

“Nimekiona, mama. Kinakimbia.”

“Inua mausi, uirudishe katikati.”

Mzee akainyanyua mausi hadi usawa wa bega.

“Nimeinua, mama. Nishikilie hivi mpaka lini?”

Madereva waliosubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde walicheka hadi wakasahau foleni. Lakini Alhamisi mzee alikuwa anapokea mizigo kama aliyezaliwa nayo mashine. Ila kuna jambo Priska hakumwambia. Siku ya kumwandikisha kwenye mashine, vidole vilimgoma, maana kuandika nako ni kutaja. Akaandika: Yule wa Ghalani.

Ijumaa bosi akafungua orodha.

“Mzee, Boazi hajapokea hata mfuko mmoja! Huyu Yule kapokea mia nne.”

“Yule ndiye mimi, bosi.”

“Mashine haisemi hivyo. Priska! Yule ni nani?”

“Ni yeye,” ikajibu mifuko.

“Yeye nani?”

“Yeye yule.”

Bosi akachoka. Akachapa barua mbili: ya kumwachisha kazi Boazi, na ya kumwajiri Yule.

Mzee akashika kalamu, akazitazama barua zote mbili.

“Baba,” mifuko ikanong'ona, “pokea zote.”

Akatia sahihi ya kwanza, Boazi, kwa uchungu wa kweli. Ya pili akaandika Yule, mwandiko ukiwa mzuri kidogo. Kisha akaambiwa akabidhi funguo kwa mtunza ghala mpya. Akazitoa mfuko wa kushoto, akazitia wa kulia, akaenda kufungua ghala.